Kiraka cha Boti ya Deeq

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi: Masalani, Kaunti Ndogo ya Ijara
Tarehe: 20 Februari 2025
Saa ya kuanza: 3:20 asubuhi
Jina: Saado Hirsi Bulle
Umri: miaka 54 kwa kitambulisho
Kazi: kuuza maziwa ya ngamia, na chai kivukoni
Makazi: Masalani, karibu na kivuko cha Mto Tana
Lugha: Kiswahili, na pale kilipomshinda, Kisomali

Mimi Saado nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Kusoma najua namba za simu na jina langu, basi. Maneno nayasema kwa mdomo na afande Abdisamad anayaandika. Nimemwomba nikifika penye aibu asiruke.

Nimekuja kwa ajili ya Zakariye, fundi wa boti, aliyekamatwa jana. Nimeambiwa leo saa sita atapelekwa mahakamani kwa sababu ya mguu wa Idil. Kosa lile si la Zakariye. Ni langu mimi.

Afande anivumilie, nianze mbali kidogo. Mimi si mtu wa maji. Nilizaliwa upande wa Hadado, kule Wajir, kwa watu wa ngamia, na mto wa kwanza niliuona nikiwa tayari nimeolewa. Mume wangu ni marehemu, Mungu amrehemu. Nimebaki na mtoto mmoja, Deeq, ana miaka ishirini na tisa. Mwaka jana alinunua boti ya faiba kutoka pwani, ya mkono wa pili, akaanza kuvusha watu na mbuzi hapa kivukoni. Tangu siku hiyo chai yangu hupoa mkononi mpaka boti irudi upande huu. Watu wananicheka kwa hilo. Wacheke.

Boti ilikuja na mabenchi. Deeq aliyang'oa ili mbuzi wapate nafasi, na pale yalipofungwa skrubu pakabaki matundu manane kwenye sakafu, kila moja linaingia kidole. Nasema sakafu ile ya juu, abiria wanaposimama, si tumbo la boti linalokaa majini. Kati ya sakafu na tumbo kuna uwazi. Maji na mkojo wa mbuzi viliingia kwenye yale matundu, vikaozesha mbao iliyofichwa chini ya faiba. Mwezi wa Januari beberu mmoja akakanyaga katikati, kwato ikazama, na alipotolewa likabaki tundu kubwa kama sinia ndogo. Deeq akaweka ubao juu yake akaendelea kuvusha watu. Nikamwambia, "Hooyo, tafuta fundi, mimi silali." Hooyo ni mama, nasi mama humwita mtoto wake hivyo hivyo. Akatafuta.

Mnamo tarehe 3 Februari, siku ya Jumatatu, kama saa tano asubuhi, Zakariye alifika na gunia la vifaa. Ni mkimbizi, anakaa kambini Dadaab, na alikuwa na karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini. Nilimwona akiikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa nailoni. Kazi ya boti alifundishwa na baba yake Kismayo. Alilala chumba kimoja na Deeq na alikula kwangu. Aliniita eedo, yaani shangazi, na mimi nikamwita eedo vilevile. Ndivyo tulivyo sisi, mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile. Ni kijana wa adabu. Akimaliza kula anaosha sahani yake, na nikimkataza anasema, "Eedo, ukinizoesha vibaya nani atanioa?"

Tarehe 4, Jumanne, boti ilivutwa juu ya mchanga, chini ya turubai. Zakariye alikata ile sehemu iliyooza, akatoa mbao nyeusi iliyolowa, inanuka kama zizi. Akaacha jua liingie siku mbili. Kila mara alipapasa kwa kiganja. Akasema maji ndiyo adui wa gundi ya faiba. Mimi nilikuwa napita na chai, nachungulia. Niliogopa. Nikamwuliza, "Kitambaa kile laini ulichokuja nacho, ndicho kitashika uzito wa watu?" Akacheka akasema, "Eedo, usiogope faiba. Ni nyuzi na gundi tu. Ni kama haan yako."

Neno hilo liliniingia moyoni, na lilinifurahisha. Haan ni chombo chetu cha maziwa, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi. Mimi nasuka haan na kuzitengeneza tangu utotoni, mama yangu alinifundisha. Haan ikitoboka hushoni juu ya ukavu. Kwanza unaupaka ukingo wa tundu samli, nyuzi zilainike, zinywe, halafu ndipo kiraka kinashika. Ukishona pakavu, pembeni panapasuka tena. Hii kazi naijua. Katika maisha yangu hakuna haan iliyotoka mkononi mwangu ikavuja.

Tarehe 6, Alhamisi, Zakariye alipima plaiwudi mpya ya kuziba, akaiweka pembeni. Kisha akasugua kwa msasa kuzunguka lile tundu kubwa mpaka ukingo ukawa mteremko mpana, upana wa kiganja kila upande. Akasugua na yale madogo. Akapangusa kote kwa kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuondoa mafuta. Ilipoadhiniwa Alasiri, kama saa kumi kasoro, akaniambia, "Eedo, hapa hata kidole kisiguse mpaka kesho." Yeye na Deeq wakaenda msikitini, na baada ya hapo walikuwa waende dukani kutafuta brashi.

Nilibaki peke yangu na boti. Nikapanda, nikatazama. Ukingo ulikuwa mweupe, mkavu, umechanika kama kisigino cha mtu aliyetembea ukame mzima. Nilisikitika. Nilijisemea, huyu kijana anajua gundi, lakini nyuzi hazijui, ni mwanamume. Kidole alichokataza nilidhani ni kidole kichafu cha watoto. Sikudhani ni changu.

Kama saa kumi na nusu nilileta samli ya ng'ombe kutoka nyumbani, ile safi ninayowawekea wageni. Nikapaka ukingo wote wa tundu kubwa, juu na ndani, pole pole, nikisema bismillahi. Nikapaka na yale manane. Nikamwombea Deeq. Nikawaombea na abiria. Nikasubiri inywe, kisha nikafuta iliyobaki kwa ncha ya shuka langu mpaka pakaonekana kama mwanzo, ili wasiniulize maswali. Afande ameniuliza kama nilijua ninafanya kosa. Nimemjibu, kama ningejua ningelificha vizuri zaidi, au nisingelifanya. Jioni ile nilikunywa chai ikiwa moto.

Tarehe 7, Ijumaa, saa mbili asubuhi, Zakariye alikuja kuweka faiba kabla ya swala ya Ijumaa. Deeq alikuwepo, na wapakizi wawili wa pale kivukoni walikuwa wamesimama wakitazama. Zakariye aliinama, akapitisha kidole ukingoni, akakiangalia juani.

Akasema, "Hapa pananing'aria. Kuna mtu amegusa?"

Deeq akacheka. Akasema, "Muulize hooyo. Huyu hata mwezi ukishuka ataupaka samli."

Wapakizi nao wakacheka. Mmoja akasema, "Na jua atalifukiza udi!"

Afande, hapa ndipo. Walicheka bila ubaya, ni utani wa kila siku. Lakini niliona uso wangu unawaka. Niliona nitaonekana bibi mjinga wa porini aliyemharibia mtoto wake boti. Nikasema, "Wallahi, hakuna aliyegusa."

Nilimdanganya fundi kwa kiapo.

Alikuwa ameshika chupa ya thina na kitambaa. Alinitazama kidogo. Akaiweka chupa chini. Akasema, "Eedo ameapa. Basi." Akaanza kukoroga gundi na ile dawa ya kukausha.

Nataka hili liandikwe vizuri. Hakuwa mvivu. Kwetu mama mtu mzima akisema wallahi, mjadala umeisha. Kama angepangusa tena mbele ya mwanangu na wale watu, ingekuwa kama kuniita mwongo usoni. Aliniheshimu. Mimi nilisimama pale na birika mkononi, nikimwona anaweka plaiwudi, analaza vitambaa vya faiba kimoja juu ya kingine, anavilowesha gundi, anakandamiza kwa brashi kutoa hewa, jasho linamdondoka naye analipangusa kwa bega ili tone lisianguke kwenye kazi. Tone moja la jasho alilihofia. Na mimi niko kimya. Nilijiambia, samli ni kitu cha baraka, haiwezi kudhuru. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana kwa mtu aliyekuwa na uhakika.

Kilipokauka kilikuwa kigumu, kinang'aa, kizuri. Deeq alirukaruka juu yake. Mimi nikafurahi, nikasema moyoni, unaona? Tarehe 9, Jumapili, boti ilirudi majini. Zakariye hakuondoka, alipata kazi ya boti nyingine pale pale kivukoni.

Siku nane hakukutokea kitu.

Tarehe 17 Februari, Jumatatu, saa mbili asubuhi, Idil alipanda boti ya Deeq kwenda ng'ambo kununua maembe. Idil ni jirani yangu, mlango kwa mlango, mama wa watoto wawili. Mimi nilikuwa kwenye jiko langu la chai, hatua kama ishirini, niliwasikia. Idil alisema, "Deeq, hiki kiraka kinang'aa kuliko uso wako."

Deeq akamjibu, "Kikanyage kwa heshima, ni cha fundi wa Kismayo. Wewe hata nyumba yako haina sakafu kama hii."

Walirudi saa nne na robo. Boti ilikuwa na watu kumi na mmoja, nilihesabu, huwa nahesabu. Ilikuwa imebaki kama urefu wa kamba ya kufungia boti kufika ukingoni. Idil alisimama mapema na beseni lake la maembe kichwani, kama wanavyofanya wote. Akapiga hatua ya pili, na sakafu ikafunguka. Haikuvunjika. Ilifunguka kama kifuniko cha sufuria upande mmoja ukikanyagwa. Mguu wake wa kulia ulizama mpaka nyonga, beseni likaruka, na mwili wake ukaangukia upande wakati mguu umebaki ndani. Nilisikia mfupa. Watu wanasema sikuweza kusikia kwa umbali ule na ile injini. Mimi nilisikia.

Hakulia mwanzoni. Alisema, "Deeq, mguu wangu uko wapi?" Mara mbili.

Niliingia mtoni mpaka kiunoni, mimi nisiyejua kuogelea. Tuliishika boti, wanaume wakamtoa. Paja lilikuwa limechanwa na makali ya faiba na mfupa wa chini ya goti umevunjika. Nilimfunga kwa shuka langu. Akaniambia, "Habaryar, watoto wangu," yaani mama mdogo. Nikamwambia watoto ni wangu mpaka arudi. Gari likampeleka Garissa. Watoto wake ninao hadi leo, wamelala kwangu siku tatu. Wa miaka sita ameniuliza kama mama ataota mguu mwingine.

Baadaye siku ile ile, kama saa sita mchana, Deeq alishika kile kiraka akakivuta, kikatoka kizima kwa mkono mmoja. Chini yake kulikuwa laini kama sahani, gundi haikuwa imeshika popote. Zakariye alikuja mbio kutoka kwenye ile boti nyingine. Deeq akamtupia kiraka miguuni mbele ya watu. Akasema, "Umechakachua gundi! Umetia maji, umekula pesa!" Akasema na maneno mengine kuhusu watu wa kambini. Sikumlea Deeq kusema maneno hayo.

Zakariye aliokota kiraka. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba upande wa chini, kisha akakisogeza puani. Akanusa. Akainua macho akanitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akakiweka chini taratibu, akasema, "Sijui kilichotokea."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyo karibu na afande sasa hivi. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Njooni mnywe chai." Hayo ndiyo niliyosema.

Jana tarehe 19, Jumatano, saa nne asubuhi, polisi wawili walikuja kivukoni wakamchukua. Deeq ndiye aliyeripoti. Zakariye alikuwa amepiga magoti anafanya kazi, mikono yote ina gundi, hana viatu. Hakubisha. Alipopita mbele yangu alisema, "Eedo, sogeza jiko lako, hii gundi inashika moto." Nikasogeza jiko. Kisha nikachukua ndara zake nikakimbia nyuma ya gari, lakini lilikuwa limeshaondoka.

Leo baada ya swala ya Alfajiri nilimweleza Deeq yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hooyo, nyamaza. Usimwambie mtu." Nikamwuliza, na Zakariye? Akasema, "Yule watamrudisha tu kambini. Wewe ukisema, watakufunga wewe. Na nani atapanda boti yangu tena?" Alikuwa analia alipokuwa akisema hivyo, afande, naomba na hilo liandikwe. Ananiogopea mimi. Tabia hiyo ya kuogopa mpaka unamsahau mtu mwingine, sijui kaipata wapi kama si kwangu. Nikavaa viatu nikatoka. Hakunifuata.

Nilifika hapa kituoni saa mbili na nusu. Nilileta anjera, mikate yetu ya kumimina, na zile ndara. Afande wa zamu aliniruhusu kumpa Zakariye mbele yake, kwenye nondo za mahabusu. Nilimwambia pale pale, kabla sijamwambia mwingine yeyote kituoni. Nikasema, "Eedo, mimi ndiye niliyepaka."

Akasema, "Najua. Nilinusa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya watu, wakati Deeq anamtukana. Kwa nini hakusema hata kwa polisi.

Hakukasirika. Alikuwa anajaribu kubandua gundi iliyokauka kwenye vidole. Akasema, "Ningesema, ungeapa tena, eedo. Halafu ingekuwaje? Kiapo chako na karatasi yangu ya kambini, vingewekwa kwenye mizani gani?"

Ni kweli. Jumatatu ningeapa tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Afande ameniuliza ninataka nini. Nataka Zakariye asipande gari la mahakama. Nataka iandikwe kwamba kazi yake ilikuwa sawa: alikausha, alisugua, alipangusa, alikataza kuguswa, na aliuliza. Nataka Deeq aelezwe na mtu wa serikali, maana mimi ameshaniambia ninyamaze. Idil nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, nikienda Garissa. Akinitukana nitakaa hapo hapo kitandani kwake mpaka amalize. Kiapo cha uongo kina kafara yake kwa Mungu, siku za kufunga nitazifunga. Lakini mguu haufungiwi saumu.

Hapa nimefika mwisho wa niliyo nayo. Nimesema kwa hiari, nikiwa na akili timamu. Sikutishwa, sikuahidiwa kitu. Nimesomewa neno kwa neno, na ni yangu.

Alama ya dole gumba la kushoto: Saado Hirsi Bulle

MAANDISHI YA AFISA

Mimi Konstebo Abdisamad nimeandika maelezo haya katika Kituo cha Polisi cha Masalani na kuyamaliza saa 5:05 asubuhi. Kabla ya kuanza nilimwonya shahidi kwamba anaweza kushtakiwa kwa atakayosema. Alijibu kwamba ndiyo sababu amekuja asubuhi, ashtakiwe yeye kabla fundi hajapelekwa mahakamani. Kiraka kimehifadhiwa kama kielelezo. Mkuu wa kituo amearifiwa na safari ya mtuhumiwa Zakariye kwenda mahakamani imesimamishwa hadi maelezo haya yachunguzwe. Shahidi yuko kwenye benchi ya mapokezi. Ameelezwa anaweza kukaa nyumbani akisubiri kuitwa, amekataa.

Wakati wa kumsomea aliomba sahihisho moja. Pale penye tukio la tarehe 7 nilikuwa nimeandika "sikumwambia fundi". Alisema hilo si kweli, kwamba fundi aliambiwa kitu. Alitaka iandikwe "nilimdanganya fundi kwa kiapo". Nimekata nikaandika upya, naye ameweka dole gumba pembeni ya mstari huo.